Augustino wa Hippo: mchungaji wa Afrika aliyeijua dhambi kutoka ndani



Neno neema tunalitaja karibu kila Jumapili. Tunaliimba, tunawabariki watu kwalo mwisho wa ibada, hata binti zetu tunawaita Neema. Lakini tukiwauliza waumini wetu kama mtu anazaliwa mwema au mbaya, na kama anaweza kujirudi mwenyewe akitaka, majibu yanakuwa mengi, na mara nyingine hayapatani hata ndani ya nyumba moja ya mchungaji. Kwa hiyo tumeona vema kusimulia maisha ya mtu aliyesumbuka sana na maswali hayo. Wengi wetu tunamdhania kuwa Mzungu, kwa sababu picha zake zinachorwa hivyo na sisi tuliosoma teolojia tulikutana naye katika vitabu vya Kifaransa. Alikuwa Mwafrika.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Wakati huo Afrika ya Kaskazini yote ilikuwa chini ya utawala wa Roma. Baba yake, Patricius, alikuwa na shamba dogo na cheo kidogo cha mji, mtu wa hasira, ambaye alibatizwa tu alipokaribia kufa. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa kuomba sana. Wote wawili walitaka mtoto huyu asome afike mbali. Lakini alipokuwa na miaka 16 minervali ilikosekana, akarudi nyumbani kutoka shule ya Madaura, akakaa karibu mwaka mzima bila kazi. Hapo wasomaji wetu hawahitaji maelezo.

Katika mwaka ule alifanya jambo dogo ambalo hakulisahau. Usiku mmoja, yeye na vijana wenzake waliingia katika shamba la jirani wakatikisa mti wa peasi, tunda linalofanana kidogo na pera letu, wakachukua mzigo mzima. Hawakuwa na njaa. Nyumbani kwa Augustino kulikuwa na peasi nzuri kuliko hizo. Walionja chache, nyingine wakazitupia nguruwe. Zaidi ya miaka 25 baadaye, akiwa tayari askofu, aliandika kitabu cha Maungamo, na ndani yake alitumia kurasa nyingi kuchunguza peasi hizo. Watu wengine wamemcheka kwa ajili hiyo. Sisi hatumcheki. Wachungaji tumezoea kusikia maungamo yenye sababu: njaa, mshahara usiofika, vita, marafiki wabaya. Augustino alichimba mpaka akakuta dhambi isiyo na sababu yoyote ya namna hiyo, akakiri kwamba alilipenda kosa lenyewe, na kwamba peke yake asingelifanya. Kundi lilimpa ujasiri wa kuwa mbaya. Sisi ambao tumeona vijana wema wa kwaya wakibadilika mara walipoingia katika kundi lenye silaha, tunajua anasema nini.

Baadaye tajiri mmoja wa Thagaste alimsaidia akaenda Kartago kuendelea na masomo. Huko akaanza kuishi na mwanamke bila ndoa, na mwaka 372 wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu. Ni jina lile lile la akina Dieudonné wetu.

Huko Kartago pia alijiunga na dini ya Wamanikea, akakaa kwao miaka 9. Hawa walifundisha kwamba kuna falme mbili tangu milele, ya nuru na ya giza, na kwamba ndani ya mtu zimechanganyika. Mtu anapotenda dhambi, anayetenda ni ile asili ya giza iliyomo ndani yake, roho yake halisi haina hatia. Augustino alikiri baadaye kwamba fundisho hilo lilimfurahisha kwa sababu lilimwondolea lawama. Tukisoma hapo tunawakumbuka watu wanaokuja kwetu tuwaombee. Mume amempiga mke wake, anataka tukemee roho ya hasira. Mtunza sanduku amekula sadaka, anataka tuvunje roho ya wizi. Hatusemi kwamba pepo hawako. Injili inasema wako. Lakini tumeona mara nyingi jinsi pepo anavyofukuzwa kwa kelele nyingi usiku, na asubuhi mke hajaombwa msamaha wala pesa hazijarudishwa.

Mwaka 383 Augustino alisafiri kwenda Roma. Mama yake hakutaka aende, basi alimdanganya, akapanda mashua usiku huku mama akiomba katika kanisa dogo karibu na bandari. Mwaka uliofuata alipata kazi kubwa Milano, kuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema katika mji ambamo Kaisari mwenyewe alikaa. Kule alimsikia askofu Ambrosio akihubiri. Mwanzoni alikwenda kusikiliza ufundi wa maneno tu, lakini maneno yakaingia na maana yake.

Katika mahubiri yetu, hapa huwa tunaruka mpaka bustani ya Milano ambako aliokoka. Kati yake kuna jambo lingine ambalo halitupendezi, nalo lazima lisemwe. Monika alikuwa amemfuata mwanawe Milano, na ikatafutwa ndoa ya heshima itakayomfaa mtu anayepanda cheo. Msichana akapatikana, lakini alikuwa bado mdogo mno, ikabidi kungoja karibu miaka 2. Mwanamke aliyeishi na Augustino karibu miaka 15, mama wa Adeodatus, alionekana kuwa kizuizi, akarudishwa Afrika bila mtoto wake. Aliondoka akiweka nadhiri ya kutomjua mwanaume mwingine. Augustino aliandika kwamba moyo wake ulichanika na kutoka damu, kisha akakiri kwamba yeye hakuweza hata kungoja miaka ile 2, akatafuta mwanamke mwingine. Jina la yule aliyefukuzwa hakuliandika popote. Sisi tunaona kwamba alimkosea, na kwamba machozi ya baadaye hayakumrudishia mama yule mtoto wake. Lakini pale ndipo fundisho lake lilipozaliwa. Alikuwa amesoma kuliko wengi, alijua lililo jema, alilitaka, na mwili wake na mazoea yake vilimburuta upande mwingine kama mtu aliyefungwa mnyororo. Hakuweza tena kusema kwamba ni asili ya giza iliyofanya hivyo. Ni yeye.

Mwezi wa Agosti 386, katika bustani ya nyumba aliyokaa, akilia chini ya mtini huku rafiki yake Alypius akiwa karibu, alisikia sauti kama ya mtoto ikimwambia achukue asome. Alifungua Waraka kwa Warumi, akakuta sura ya 13, mahali Paulo anapowataka watu waache ulevi na uasherati na kumvaa Bwana Yesu. Hakuhitaji kusoma zaidi. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosio alimbatiza pamoja na Alypius na kijana Adeodatus. Mwaka huo huo Monika alifariki katika bandari ya Ostia, wakiwa njiani kurudi Afrika. Muda mfupi baada ya kufika nyumbani, Adeodatus naye akafa, akiwa bado hajafika miaka 20.

Augustino alitaka kukaa kimya na ndugu wachache, kuomba na kusoma. Mwaka 391 alitembelea mji wa Hippo, bandari ambayo leo inaitwa Annaba. Askofu mzee wa pale, Valerius, alikuwa amewaambia waumini kwamba anahitaji msaidizi. Watu walimkamata Augustino katikati ya ibada, wakamsukuma mbele ili awekewe mikono. Alilia. Wengine walidhani analia kwa sababu hakufanywa askofu mara moja, wakamfariji kwamba zamu yake itafika. Yeye alilia kwa hofu ya kazi. Tungependa kuona machozi ya namna hiyo katika chaguzi zetu za viongozi wa kanisa. Miaka michache baadaye Valerius alimfanya askofu, na alibaki Hippo hadi kufa kwake.

Kanisa alilolikuta lilikuwa limegawanyika vibaya. Katika mateso ya miaka ya 303 hadi 305, askari wa Kaisari walidai Wakristo watoe vitabu vya Maandiko vichomwe. Wengine walikubali kufa, wengine walitoa vitabu wakaokoa maisha. Amani iliporudi, watu wakaanza kuulizana nani alitoa na nani hakutoa. Wafuasi wa Donato walisema kwamba askofu msaliti hana Roho, kwa hiyo ubatizo wake ni maji matupu, na kila aliyewekewa mikono naye amechafuka, na waliowekewa mikono na huyo pia, mpaka kizazi cha tatu na cha nne. Wao tu ndio waliokuwa safi. Sisi tuliopita katika vita tunaelewa jambo hilo mpaka mifupani. Nani alikaa mjini wakati wale walipotawala? Nani alikula pamoja nao? Tunawajua wachungaji ambao hawashiriki Meza ya Bwana pamoja kwa sababu ya maswali hayo.

Augustino aliwajibu Wadonato kwamba ubatizo ni wa Kristo, hautegemei usafi wa mkono unaomwaga maji, na kwamba ngano na magugu yanakua pamoja katika shamba moja mpaka siku ya mavuno. Kanisa la watu safi tupu halipo duniani, kwa sababu hakuna watu wa kulijaza. Mwaka 411 pande mbili zilikutana Kartago, kila upande ukiwa na maaskofu wapatao 280, na mjumbe wa Kaisari akaamua dhidi ya Wadonato. Katika mgogoro huo Augustino alifanya kosa ambalo hatuwezi kulifunika. Zamani alikuwa amekataa watu walazimishwe. Baadaye alikubali nguvu ya serikali: faini, makanisa kunyang'anywa, viongozi kufukuzwa nchini. Alitetea jambo hilo hata kwa mfano wa Bwana kuhusu karamu. Mtu aliyejua jinsi moyo wa kila mwanadamu ulivyoharibika alipaswa kuuogopa pia mkono wa askari, na mkono wa askofu anayemwita askari. Maneno yake hayo yalitumiwa baadaye na watesi wengi, hata dhidi ya Waprotestanti.

Mashindano yaliyompa jina katika masomo ya teolojia yalikuwa bado mbele. Pelagius alikuwa mtu kutoka Uingereza, mwenye maisha ya kujinyima, aliyefundisha Roma. Si vema kumfanya mtu mbaya. Alihuzunishwa na Wakristo walioishi ovyo na kujitetea kwamba mwanadamu ni dhaifu, na kwa kweli baadhi yetu tungemkaribisha ahubiri katika semina za vijana. Siku moja alisikia ikisomwa sala moja ya Maungamo, ambamo Augustino anamwomba Mungu awape watu nguvu ya kutimiza yale anayowaamuru. Alikasirika. Kwake sala hiyo ilifungua mlango wa uvivu: Mungu ni mwenye haki, hawezi kuamuru lisilowezekana, basi mtu anaweza kutii akiamua. Neema, kwa mafundisho yake, ni uhuru tuliopewa tulipoumbwa, ni torati, ni mfano wa Kristo, ni msamaha wa makosa yaliyopita. Mwanafunzi wake Celestius alisema wazi zaidi kwamba dhambi ya Adamu ilimdhuru Adamu peke yake, na kila mtoto huzaliwa katika hali ile ile aliyoumbwa nayo Adamu.

Roma ilipoporwa na majeshi ya Alaric mwaka 410, wakimbizi wengi walivuka bahari kuja Afrika, na mabishano haya yakaja nao. Kwanza Augustino alimjibu Pelagius kwa heshima, akisifu mwenendo wake. Lakini hakuweza kukubali, kwa sababu alikuwa amejaribu njia hiyo na ilimshinda. Kumpa kiwete mfano wa mtu anayekimbia hakumfanyi akimbie. Alipenda kumfananisha mwanadamu na yule msafiri wa barabara ya Yeriko, aliyeachwa karibu kufa: hawezi kujibeba, anabebwa, anawekwa katika nyumba ya wageni, yaani kanisa, na kule anapona polepole. Kwake neema ni Roho Mtakatifu mwenyewe akimimina upendo moyoni, kama Paulo alivyowaandikia Warumi, hata mtu aanze kupenda jambo alilokuwa akiliogopa tu. Utashi wa mtu haufutwi, unaponywa. Mwaka 415 baraza la maaskofu Palestina lilimwona Pelagius hana kosa; maaskofu wa Afrika wakapinga, na mwaka 418 baraza la Kartago likayahukumu mafundisho yake, na Roma pia ikamhukumu mwaka huo.

Tuseme sasa pale tunapoona alikwenda mbali mno. Augustino alifundisha kwamba mtoto mchanga akifa bila ubatizo anahukumiwa, ingawa kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Wengi katika jumuiya zetu hatubatizi watoto wachanga, na hatuwezi kusimama kando ya kaburi dogo na kusema hivyo. Tena, alisoma Warumi 5:12 katika Kilatini, ambako maneno yalimfanya aelewe kwamba wote walitenda dhambi ndani ya Adamu. Kigiriki, na Biblia yetu ya Kiswahili, vinasema kwamba kifo kiliwafikia wote kwa kuwa wote wametenda dhambi. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini msingi wake tunaushika: hakuna mtoto anayezaliwa nje ya ugonjwa huu, na hakuna mtoto anayeubeba kuliko wengine. Katika miji yetu kuna watoto wanaoitwa wachawi, wanaofungwa na kushindishwa njaa na watu wanaojiita watumishi, kwa sababu baba amepoteza kazi au shangazi amekufa. Mtu aliyeelewa Augustino hawezi kuunyoshea kidole mtoto mmoja na kusema uovu wa nyumba hii uko kwake. Uko kwa baba pia, na kwa yule anayejiita mtumishi.

Watawa wa Hadrumetum, katika Tunisia ya leo, walimwuliza swali ambalo waumini wetu wangeuliza: kama yote ni neema, kwa nini kiongozi amkemee ndugu aliyeanguka, si amwombee tu? Augustino aliwaandikia vitabu viwili. Alisema tukemee, kwa sababu hatujui Mungu anamfanyia nini mtu huyu, na karipio lenyewe laweza kuwa njia ya neema. Lakini anayekaripia afanye hivyo kwa upendo, akijua kwamba yeye mwenyewe anasimama kwa sababu ameshikwa.

Alihitaji fundisho hilo yeye mwenyewe alipokuwa mzee. Mji mdogo wa Fussala ulihitaji askofu anayejua Kipuniki, lugha ya wenyeji. Mtu aliyeandaliwa alijitoa dakika ya mwisho, na Augustino, kwa haraka na kwa aibu mbele ya wageni, akamtoa Antoninus, kijana aliyelelewa katika nyumba yake ya watawa. Kijana huyo aliwapora maskini wa Fussala mali zao, akajijengea nyumba kwa vitu vyao. Watu wakalia. Augustino akamwandikia askofu wa Roma kwamba kosa la kumchagua ni lake, na kwamba uzito wa jambo hilo ulimfanya afikiri kuacha uaskofu. Miaka ya kuandika juu ya dhambi haikumzuia kupofushwa na mtoto aliyemlea. Viongozi wetu waliowahi kumpa mtu parokia kwa sababu alikulia nyumbani kwao, wasome barua hiyo.

Mwaka 429 Wavandali walivuka kutoka Hispania na kuanza kuchoma miji ya Afrika. Askofu mmoja, Honoratus, alimwuliza Augustino kama wachungaji wanaruhusiwa kukimbia. Swali hilo tumelijadili sisi wenyewe usiku, milio ya bunduki ikisikika. Augustino alijibu bila kupiga kelele za ushujaa: kama anayetafutwa ni mchungaji peke yake na wengine wapo wa kuwahudumia watu, akimbie, kama Paulo alivyoteremshwa ukutani Dameski. Kama kundi lote liko hatarini na haliwezi kuondoka, asiwaache wanaohitaji ubatizo, Meza ya Bwana na faraja. Naye alikuwa ameyeyusha hata vyombo vya kanisa ili kukomboa mateka.

Mwaka 430 Hippo ilizingirwa. Mji ulijaa wakimbizi, na maaskofu waliokosa makanisa walikuwa wakila mezani pake. Katika mwezi wa tatu wa mazingiwa akashikwa na homa. Rafiki yake Possidius, aliyekuwepo, anasimulia kwamba Augustino aliagiza Zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake. Kwa karibu siku 10 aliomba mtu asiingie, ila daktari na anayeleta chakula. Alilala pale akizisoma na kulia sana, mzee wa miaka 75, mwalimu wa neema, akiomba msamaha kama mwenye dhambi wa kawaida. Alikufa tarehe 28 Agosti 430. Hakuacha wosia, kwa sababu hakuwa na mali ya kugawa, ila aliagiza vitabu vya kanisa vitunzwe.